Bwana Mipango na Vibaraza vya Mtaa Wetu

Mtu mzima wa kwanza ambaye nilimwona baba yangu akikataa kuitikia salamu yake alikuwa Bwana Mipango.

Baba alikuwa na duka la vitenge na vyombo katika mtaa wa zamani wa soko, Babati mjini, na kwa kawaida aliitikia kila mtu: walevi wa asubuhi, mtoza ushuru, hata jirani aliyekuwa akigombania naye bomba la maji. Lakini siku ile Bwana Mipango aliposimama mbele ya duka na kopo la rangi nyekundu mkononi, akasema, "Za asubuhi, mzee wangu," Baba aliendelea kukunja vitenge kana kwamba ni upepo umepita.

"Nitasubiri umalize kukunja," Bwana Mipango akasema.

Akasubiri. Baba akakunja kitenge kile kile, akakikunjua, akakikunja tena. Mwishowe Bwana Mipango akachovya brashi, akapiga X kubwa ya bomoabomoa kwenye ukuta wetu karibu na mlango, kisha akafuta kwa kidole rangi iliyochuruzika ili isichafue sakafu. Kabla ya kuondoka alisema maneno ambayo mtaa uliyarudia kwa miaka, wengine kwa hasira na wengine kwa kicheko.

"Wenzangu wanatuma vijana kupiga hizi alama. Mimi nakuja mwenyewe. Kama ninakuumiza, ni haki yako unione uso."

Manyara ndiyo kwanza ilikuwa imefanywa mkoa, na Babati ikawa makao makuu yake. Tulizoea kuwa mji wa njiani, mahali ambapo mabasi yanasimama watu wanunue mahindi ya kuchoma na kwenda zao. Ghafla vikawa vibao vya ofisi kila kona, na watumishi wenye mabegi wakizunguka mitaa ya Maisaka na Bagara kutafuta vyumba vya kupanga. Malori ya saruji yakawa hayakatiki. Na katika ramani mpya, barabara ya mtaa wetu ilikuwa imechorwa pana, ili malori yafike sokoni bila kukwama.

Upana huo ungepitia kwenye vibaraza vyetu. Maduka ya mtaa ule yalijengwa zamani na wafanyabiashara wa Kiislamu, wengine wenye asili ya pwani na wengine wa hapa hapa, akiwemo babu yangu. Kuta zilikuwa nene, za tofali za udongo zilizopigwa chokaa, na kila duka lilikuwa na kibaraza mbele, chenye nguzo za mbao na paa la bati. Mvua ikinyesha, mtu aliweza kutoka msikitini mpaka karibu na soko bila kulowa sana. Kwenye kibaraza chetu alikaa Mama Paskalina na cherehani yake. Alikuwa Mkatoliki kutoka nyanda za juu za Mbulu, mama mnene mwenye sauti ndogo, na alikuwepo pale tangu mimi sijui kusoma. Ile X ilikuwa ya duka letu na ilikuwa ya kwake pia, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Cheo cha Bwana Mipango kilikuwa afisa mipango miji. Jina lake halisi lilikuwa kwenye makaratasi ya ofisi, na huko ndiko lilikobaki. Hata mke wake alipokuja dukani kununua sufuria alisema, "Bwana Mipango kanituma."

Alikuwa mrefu, suruali zake zikiishia juu ya kifundo cha mguu, na alitembea akitazama juu. Sisi wengine wa Babati tulitazama chini, kwa sababu ya mashimo na maji machafu. Yeye alitazama kingo za mapaa, madirisha, mahali ukuta unapokutana na bati. Kwa hiyo alijikwaa mara kwa mara, na mara moja aliingia mtaroni mzima mzima mbele ya stendi ya mabasi. Vijana walimvuta wakijizuia kucheka. Yeye akasimama, akakung'uta suruali, akawaambia, "Mnaona sasa kwa nini mitaro inatakiwa kufunikwa," akaendelea na safari yake akitazama juu vile vile.

"Huyu baba siku moja atameza nzi," alisema Mama Paskalina.

Tabia hiyo aliitoa Italia. Mapadre walikuwa wamemtafutia nafasi ya masomo akiwa kijana, akaishi kwenye mji mmoja mkongwe juu ya kilima, katikati ya nchi ile. Alitutajia jina lake mara nyingi lakini hakuna aliyeweza kulishika, kwa hiyo tukauita Mji wa Kule, naye mwenyewe akazoea kuuita hivyo. Akianza kuzungumza juu ya Mji wa Kule, alisahau kwamba mtaa mzima umemnunia. Aliketi kwenye ukingo wa kibaraza chetu, kile kile alichokipiga X, akaeleza.

Kule, alisema, mtu hana ruhusa ya kubadili hata rangi ya dirisha lake la nje bila kuuliza halmashauri. Magari ya wageni hayaingii katikati ya mji. Yanaachwa chini ya kilima. Lakini ukifungua mlango wa nyumba ambayo ukuta wake ni wa kale kuliko ukoo wako, unakuta jiko la gesi, bafu la maji moto, televisheni. "Uso wa nyumba ni wa mji mzima," alipenda kusema. "Ndani ni kwako." Aliwahi kufika pia Bologna, mji mwingine wa huko, akaona vibaraza vimeunganishwa mtaa baada ya mtaa, watu wanatembea wakati wa mvua na miavuli yao imefungwa. "Nikasema moyoni, mbona hivi tunavyo Babati."

Ni Mama Paskalina aliyemuuliza swali ambalo wengine tulikuwa nalo mdomoni. Alikuwa anashona gauni la komunyo na hakuinua macho.

"Sasa Bwana Mipango, kama tunavyo, mbona unavibomoa?"

Bwana Mipango alivuta mguu mmoja, akautazama, akaaga na kuondoka. Sijawahi kumwona akiondoka haraka vile.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na maudhi. Hakuweza kupita mbele ya duka lenye magunia ya chumvi na madumu ya mafuta ya taa kibarazani bila kuyasukuma kwa mguu na kusema, "Hapa ni njia ya watu, si ghala." Aliwakaripia waliobomoa kuta za zamani, na akawakaripia vilevile walioziba nyufa kwa udongo mtupu. Baba alisema mtu huyo hajui anachotaka. Na kuna jambo lingine ambalo watu hawakumsamehe. Yeye aliyeimba nyimbo za kuta nene alijijengea nyumba Bagara yenye madirisha ya alumini na vigae vinavyong'aa, ambavyo wageni waliteleza juu yavyo kama ndama aliyezaliwa leo. Jirani yetu alimkabili na hilo mbele za watu.

"Mimi nilijenga kwenye shamba tupu," alijibu bila aibu. "Kwenye shamba tupu jenga unachotaka. Penye watu tayari, kwanza unabisha hodi."

Miezi kadhaa baada ya zile X, tuliitwa kwenye mkutano ofisi ya kata. Nilikwenda na Baba kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule na yeye alitaka mtu wa kumsomea maelezo ya ramani. Diwani alifungua mkutano akasema maendeleo hayana budi kuja, watu wakaguna. Kisha akamkaribisha Bwana Mipango, ambaye alitandika ramani ukutani. Nilipoitazama vizuri nikaona si ile tuliyoijua. Barabara pana ilikuwa imehama. Sasa ilipita nyuma ya maduka yetu, kwenye uwanja wa vyoo vya zamani na maghala, ikatokea sokoni kwa upande wa pili. Mtaa wetu ulibaki mwembamba, bila malori, na vibaraza vyote vimechorwa kwa mstari mmoja bila kukatika.

Baba ndiye aliyesimama.

"Naona hapa nyuma ya duka langu barabara imelala juu ya ghala langu. Ghala alilijenga marehemu baba yangu."

"Ni kweli, Baba Zuhura," alisema Bwana Mipango. Zuhura ni mimi.

"Na jiko la mke wangu."

"Na jiko."

"Kwa hiyo umeamua kuniachia uso, unikate mgongo."

Watu walicheka, lakini Baba hakuwa anachekesha. Bwana Mipango naye hakucheka. Alisema mgongo unajengeka tena, juu, ghorofa moja nyuma ya kibaraza ikitakiwa, na halmashauri itatoa kibali. Lakini kibaraza kikiondoka hakirudi, kwa sababu hakuna anayejenga tena kibaraza cha kumpa mpita njia kivuli cha bure.

Mzee mmoja wa duka la viungo akauliza kwa nini wamwamini mtu aliyewapiga X. Hapo ndipo Bwana Mipango alipotueleza habari za mama mwenye nyumba wake wa Mji wa Kule.

Alikuwa mjane, akiishi juu kabisa ya nyumba ndefu ya mawe, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Wenye nyumba waliomba kuweka lifti. Halmashauri ikakataa, kwamba ngazi zile ni za kale, haziguswi. Basi mama yule akawa hashuki. Asubuhi aliteremsha kikapu kwa kamba dirishani, kijana wa mkate akaweka mkate, akakivuta juu. Watalii walikipiga picha kile kikapu wakiona ni kitu kizuri cha mila. "Na kila asubuhi," alisema Bwana Mipango, "akivuta kamba, alimlaani afisa mipango wa mji ule kwa jina lake kamili. Mimi nipo chumba cha pili nakunywa kahawa, nasomea kazi hiyo hiyo."

Watu walicheka tena, safari hii kwa namna nyingine.

"Nilijifunza kule namna ya kuulinda ukuta," aliendelea. "Yule mama alinifundisha kwamba ukiulinda ukuta ukamsahau aliye ndani, umelinda kaburi. Na hapa nilipokuja nimepewa kalamu, nikaambiwa nichore upana, nikachora. Sikuwauliza. Sasa nawauliza. Ninyi toeni nyuma, mimi nitapigania mbele. Sijui kama nitashinda. Wakubwa hawajaikubali hii ramani."

Hiyo sentensi ya mwisho ilimfanya Baba akae chini. Tulipofika dukani akasema, kama anayezungumza na kufuli, "Mtu anayekwambia hajui kama atashinda, huyo angalau si mwongo."

Zikafuata siku za kusubiri, na hizo ndizo zilizomchakaza mama yangu. Tulisikia Bwana Mipango ameitwa kujieleza. Tulisikia anahamishwa, kwamba mwenzake kutoka nje ya mkoa anakuja na ramani ya kwanza. Kila aliyeingia dukani alikuwa na habari yake. Bwana Mipango mwenyewe alipita kama kawaida akitazama juu, amekonda, na alipoulizwa alijibu, "Bado." Mama Paskalina alianza kuchukua kazi ndogo ndogo tu, viraka na zipu. Hakutaka kupokea kitambaa cha mtu halafu asiwe na mahali pa kukishonea.

Greda lilikuja asubuhi, wakati ambapo maduka yanafunguliwa. Tulilisikia kabla ya kuliona, kwa sababu vyombo vilivyoning'inia mlangoni vilianza kutetemeka. Baba alitoka. Mama akatoka na upawa mkononi. Mtaa mzima ulikuwa nje, watu wamesimama kibarazani kila mmoja mbele ya duka lake, kama wanaopiga picha. Greda likatokea barabara kuu, la manjano, likafika kwenye mdomo wa mtaa wetu na kusimama, pua yake ikitutazama.

Mama Paskalina alianza kufungua nati za cherehani yake. Nati moja ikamdondoka, nikapiga magoti kuitafuta.

Nilipoinuka nilimwona Bwana Mipango. Alikuja karibu anakimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na kwa mara ya kwanza alikuwa anatazama chini ili asijikwae. Akapanda kwenye ngazi ya greda, akazungumza na dereva. Hatukusikia. Dereva alionyesha mtaa wetu kwa mkono. Bwana Mipango akaonyesha upande wa nyuma. Dereva akatikisa kichwa. Bwana Mipango akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akaikunjua juu ya usukani, akaweka kidole. Dereva akaisoma taratibu, akakuna shingo.

Greda likarudi nyuma, likageuka, likaingia kwenye njia ya uwanja wa maghala.

Baba alikaa juu ya gunia la chumvi lililokuwa kibarazani, mahali ambapo halikutakiwa kuwepo, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Mama Paskalina alifanya ishara ya msalaba, akanyoosha mkono nimpe nati yake. Muda mfupi baadaye tulisikia kishindo upande wa nyuma, ghala la babu, ambalo tulikwisha kutoa vitu vyake, likianguka, na vumbi jekundu likaja juu ya paa likatufunika wote. Mama alilia kidogo kwa ajili ya jiko lake. Lakini alilia akiwa ameketi kibarazani, na kibaraza kilikuwepo.

Adhuhuri, Bwana Mipango alikuja na ndoo ya chokaa, akatuambia wakubwa wameikubali ramani yake ya pili, ila dereva alikuwa hajaambiwa. Alizipaka X zote yeye mwenyewe, duka kwa duka. Alipofika kwetu akasema, "Za mchana, mzee wangu."

"Nzuri," alisema Baba. "Umekula?"

Mtaa haukubaki kama ulivyokuwa, na yeye hakutaka ubaki. Mitaro ilifunikwa kwa slabu. Magunia yaliingia ndani. Nguzo zilizoliwa na mchwa zikabadilishwa, na Baba akajenga ghorofa nyuma, ambako mimi na mume wangu tulianzia maisha. Nyumba moja ya pembeni, ya kale kuliko zote, ilibomolewa na kujengwa jengo refu la vioo, na Bwana Mipango ndiye aliyetia sahihi. Watu wakamuita kigeugeu. Alisema ukuta ule ulikuwa umeoza mpaka ndani na ungemuangukia mtu. Na kwamba mji usio na jengo jipya hata moja ni mji ambao vijana wanauhama. Jengo lile silipendi mpaka leo. Lakini mvua ya masika iliyofuata ilipoangusha kuta mbili tatu mjini, nilifikiri juu ya watoto waliokuwa wakicheza chini ya ukuta ule wa pembeni, nikanyamaza.

Taabu nyingine ililetwa na uzuri wenyewe. Mtaa uliposafishwa, watu wakapenda kutembea pale. Watumishi wa mkoa walikuja jioni na wake zao kununua vitambaa. Akaja mtu anayetafuta mahali pa kibanda cha miamala ya simu, akapapenda alipokaa Mama Paskalina, akamwahidi Baba kodi nzuri. Baba, ambaye alikuwa ametumia nguvu nyingi kujenga ghorofa, alikubali. Akamwambia Mama Paskalina atafute sehemu kule kwenye barabara mpya ya nyuma.

Mama Paskalina hakubisha. Alisema tu, "Sawa, Baba Zuhura," akaendelea kukanyaga cherehani.

Sijui nani alimpelekea Bwana Mipango habari hizo. Alikuja siku ya pili, akavuta kiti ndani ya duka, akaketi mbele ya Baba. Nilikuwa nahesabu vikombe kwenye rafu, nikaacha.

"Chini ya chumba changu kule Mji wa Kule," alisema, "palikuwa na fundi viatu. Mtaa ulipopendeza, akaondolewa, likawekwa duka la zawadi za watalii. Wanauza sanamu ndogo za mji ule ule. Unaweza kuununua mji mzima ukautia mfukoni, lakini kiatu chako kikifumuka unatembea pekupeku. Mwokaji naye akaondoka. Mpaka nilipomaliza masomo, dirisha moja tu kati ya yale yote lilikuwa na taa jioni, la yule mama wa kikapu."

"Mimi si Mtaliano," alisema Baba.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Nje cherehani ilikuwa inalia, tik tik tik, bila haraka.

"Uliniambia uso wa nyumba ni wa mji mzima," Baba akasema. "Ukasema ndani ni kwangu. Sasa kibaraza ni ndani au nje?"

Bwana Mipango alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali gumu. "Sijui," alisema. "Kisheria ni chako. Siwezi kukulazimisha. Nimekuja kuomba."

Nafikiri hilo ndilo lililomshinda Baba. Angeweza kubishana na amri mpaka jua lizame. Mtu mwenye cheo akija kukuomba, kwenye kiti cha duka lako, kwa ajili ya mshonaji asiye ndugu yake, unafanyaje? Mtu wa miamala alipewa dirisha la pembeni, kando ya mlango. Mama Paskalina alibaki. Baba hakumwambia lolote. Asubuhi alimletea kikombe cha chai na kukiweka kando ya mkasi, naye akajua.

Bwana Mipango alistaafu, akawa haonekani mjini mara kwa mara. Alilima mahindi na mbaazi Bagara. Tulisikia ameumwa, tukasikia amepona. Shughuli zilikuwa nyingi. Mimi ndiye niliyesimamia duka sasa, Baba miguu ikiwa imemwishia, akiketi kibarazani mchana kutwa na Mama Paskalina wakisaidiana kukumbuka watu waliokwisha kufa.

Mwaka jana, asubuhi moja, kijana wa bajaji alisimama mbele ya duka akasema, "Mmesikia? Yule mzee wa halmashauri wa Bagara amefariki."

Mama Paskalina alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Baba alisema "Inna lillahi." Halafu akanitazama. "Funga duka."

Duka letu hufungwa Iddi tu. Mama yangu alipofariki tulilifungua siku ya nne. Nilishusha milango bila kuuliza. Baba akaniagiza nibebe sukari na mchele, niende nikatuwakilishe, kwa kuwa yeye asingeweza kupanda bajaji. Nilijitanda kanga, nikapakia vitu kwenye bajaji ya kijana yule. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mke wake, na sikupata hata moja ambalo lingemtosha mtu yule.

Tulipofika sikuona turubai la msiba. Hapakuwa na viti wala wanawake wa jikoni. Uani, chini ya dirisha la alumini, mzee mrefu mwenye suruali fupi alikuwa ameinua kichwa akimwelekeza fundi aliyekuwa juu ya paa.

"Mkono wa kushoto," alikuwa anasema. "Maji yanaingilia kushoto."

Nilisimama na mfuko wa sukari kifuani. Aligeuka, akaniona, akautazama mfuko, akaitazama kanga yangu. Nikamwona anaelewa.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, binti wa dukani. Umekuja kunizika?"

"Tumeambiwa..."

"Mmeambiwa vibaya. Aliyefariki ni mwenzangu wa idara ya maji, nyumba ya tatu kutoka hapa. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Tangu asubuhi watu wananililia mlangoni." Akaita ndani, "Mama, mgeni mwingine wa msiba wangu."

Mke wake alinikalisha kwenye kigoda, akanishika mabega, akawa anacheka huku akinipa pole. Bwana Mipango naye alikaa, taratibu, magoti yakimsumbua. Alitaka kujua mambo.

"Mama Paskalina alilia?"

"Hakulia. Alisimamisha cherehani."

Akatikisa kichwa, ameridhika. "Na mzee wako?"

"Aliniambia nifunge duka."

"Duka limefungwa?"

"Limefungwa."

Alitazama upande wa mji, ambako huwezi kuona mtaa wetu kutoka Bagara, unaona mlima Kwaraa tu na mabati yanayong'aa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hakuyaficha wala hakuyafuta.

"Mpigie simu," alisema baadaye. "Mwambie afungue. Wateja wataenda kwingine."

Nilipiga. Baba alinisikiliza bila kunikatiza. Nilisikia anamweleza Mama Paskalina, na nikasikia mama yule akisema kitu kwa lugha ya kwao, kirefu, kama sala. Kisha Baba akarudi kwenye simu.

"Basi sukari usirudi nayo," alisema.

Mchele tuliamua kuupeleka kwa wenye msiba. Tungekwenda sote mchana, Bwana Mipango akitangulia na fimbo yake. Lakini sukari mke wake aliifungua pale pale, akabandika chai ya rangi, kwa kuwa maziwa hayakuwepo. Tuliinywa uani, fundi akigonga misumari juu ya vichwa vyetu. Bwana Mipango alionja, akachota sukari tena, akakoroga kwa makini.

"Binti," alisema, "ukisikia tena nimekufa, njoo na maziwa."